Udikteta kwa Anayeanza: Toleo la Samunge

Mheshimiwa mtarajiwa, karibu, kaa. Najua umekuja kimyakimya, na sababu naijua. Juzi kwenye mkutano wa kijiji ulinyoosha mkono mpaka bega likauma, mwenyekiti akajifanya hakuoni, ukaenda kulala na njaa isiyotibika kwa ugali. Usione haya. Njaa hiyo sote tunayo. Mimi nilianzia kamati ya harusi: nilishika daftari la michango, na kwa wiki sita hakuna aliyethubutu kubisha rangi ya sare niliyoichagua. Ilikuwa ya zambarau.

Tuanze.

1. Usianze na kofia

Wanaoanza hukimbilia vyeo. Idi Amin alijipa cheo cha juu kabisa jeshini, akawa rais wa maisha, kisha akajiita mshindi wa Dola ya Uingereza. Bokassa wa Afrika ya Kati aliona urais umembana, Desemba 1977 akajivika taji la kifalme kwa mfano wa Napoleon. Wote wawili waling'olewa mwaka mmoja, 1979. Kofia ndefu huonekana toka mbali, na kinachoonekana toka mbali ndicho kinachorushiwa mawe. Wewe vaa shati la mikono mifupi. Kandambili, ikibidi.

2. Kalia maji

Soma kidogo, ukisoma sana utaharibika. Mwaka 1957 mtaalamu mmoja mzaliwa wa Ujerumani, Karl Wittfogel, alichapisha kitabu kinene kuhusu udikteta wa nchi za mashariki. Hoja yake: palipo na mito mikubwa na kilimo cha umwagiliaji, mtawala wa kiimla hakosi kuota, maana mifereji mikubwa hutaka maelfu ya wachimbaji, na wachimbaji hutaka wa kuwaamrisha. Tazama Misri ya mafarao, tazama China. Wasomi wengi wamembishia tangu hapo, lakini wewe hukuja hapa kubishana na wasomi. Wewe chukua hili tu: aliyeshika maji ameshika koo.

Sasa fungua ramani. Samunge, wilaya ya Ngorongoro, upande wa Loliondo. Mvua haba, chemchemi zipo, na mifereji ya udongo inayopeleka maji kwenye mtama na viazi vitamu tangu enzi za mababu. Wenyeji ni Watemi, waliozoeleka kuitwa Wasonjo. (Jina lisikudanganye. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi mtemi ni mfalme. Hawa ni Watemi wasio na mtemi.) Maji yapo na mfalme hayupo: kiti kitupu kinakusubiri wewe. Au ndivyo utakavyodhani ukifika.

3. Tafuta baba mwingine

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Mtafiti Robert Gray aliishi na Wasonjo miaka ya 1950, na kitabu chake kikatoka 1963. Alikuta maji yakigawiwa na baraza la wazee wanaoitwa wenamiji, neno ambalo Mswahili halimpi taabu. Nafasi hiyo hurithiwa. Zamu ya maji ya mwenamiji ni haki yake, haombi. Chini yao wapo wakiama, ambao zamu zao ni za daraja la pili na huzilipia. Wengine wote wanabaki na unyenyekevu: unamwendea mwenye zamu, unamwamkia vizuri, na mkono mtupu haulambwi. Peleka mbuzi. Peleka asali, na usipeleke ya kuchakachua, maana hawa ni wafuga nyuki na wataijua kabla hujafungua kifuniko.

Usiwaonee huruma wala usiwaite wanademokrasia. Mwanamke analima shamba lilelile, lakini zamu ya maji ina jina la mwanamume. Nakuomba uvutiwe na ufundi wao. Farao alikuwa mmoja, na mmoja hupinduliwa. Hawa wameigawa enzi ya farao vipande kumi na kitu, kila mzee kipande chake, na kila mzee anamchunga mwenzake. Utampindua nani? Ukimkamata mmoja, wengine wanaendelea na kikao. Juu yao yupo Khambageu, mtu wa masimulizi aliyekuja kuabudiwa, na huyo hatoi miadi.

Mwaka uleule wa 1963 Serikali ya Tanganyika ilifuta utawala wa machifu kwa sheria. Machifu wenye viti na mikia ya ng'ombe wakarudi nyumbani. Wenamiji hawakuwa na kiti cha kunyang'anywa. Watafiti waliorudi miaka ya 1990 waliwakuta bado wanagawa maji. Nilikwambia kuhusu kofia.

Kwa hiyo kama baba yako si mwenamiji, hatua ya tatu ni kuzaliwa upya. Ikishindikana, nenda ya nne.

4. Piga vitabu marufuku, hasa vyembamba

Anza na Kusadikika ya Shaaban Robert, 1951. Mwandishi alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, akaibuni nchi inayoelea angani, akamweka humo Waziri Majivuno na mshtakiwa aitwaye Karama ambaye kosa lake ni kutaka watu wafundishwe sheria. Nchi iko mawinguni, lakini kila msomaji anainamisha macho na kuitafuta chini. Waingereza hawakuona kitu. Wewe utaona.

Na usitafsiri. Mwalimu Nyerere aliketi na kukitia Kiswahili kisa cha Shakespeare cha mtawala anayechomwa visu na marafiki zake, kikachapishwa 1963, mwenyewe akiwa rais. Januari 1964 askari wake mwenyewe wakaasi, naye akalazimika kujificha. Sisemi askari walikuwa wamekisoma. Nasema tu, kuna vitabu mtu mwenye ikulu huviacha kabatini.

5. Usiige ya Babu

Hapa nasema kwa uchungu wa kitaalamu. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyezoeleka kuitwa Babu, alikaa hapohapo Samunge akinywesha watu kikombe cha dawa ya mizizi ya mti uitwao mugariga. Magari yalipanga foleni kilomita nyingi. Wengine walikuja kwa helikopta, wengine wakavuka mpaka kutoka Kenya, na wapo wagonjwa waliofia njiani wakisubiri. Mawaziri walikunywa. Na masharti yalikuwa yale ambayo dikteta yeyote angeyaota: kikombe kisipotoka mkononi mwake, si dawa.

Koo za nusu ya Afrika Mashariki zilikuwa mbele yake. Akatoza shilingi 500. Mia tano! Hakudai cheo, hakuunda chama, hakuuza hata fulana. Alifariki Julai 2021 akiwa bado Babu tu. Ukipata foleni ya namna ile, niite kabla hujatangaza bei.

6. Ukibanwa kabisa, iba usiku

Ndiyo iliyobaki. Subiri mwezi uzame. Toka na jembe, acha tochi nyumbani. Pale mfereji unapogawanyika utakuta maji yamezibwa kwa tope, majani na matawi. Usiling'oe lote, chomoa tawi moja, panua kwa kisigino, upate utepe wa maji wenye upana wa kiganja. Utausikia ukitambaa kuelekea viazi vyako. Kwa dakika kumi hivi wewe ni farao.

Kisha mzee mwenye zamu, ambaye ameyachunga maji hayo tangu kabla hujaota jino, atasikia mlio wa mfereji wake umebadilika. Hatapiga kelele. Atakohoa tu, hatua tatu nyuma yako.

Usikimbie, kijiji ni kidogo. Usijitetee kwa Wittfogel. Sema, "Shikamoo, babu," weka jembe chini, na asubuhi upeleke mbuzi mwenyewe kabla ya kuitwa barazani. Mchague wewe, tena awe na mafuta kidogo. Ukiwaachia wachague wao, watachukua yule jike mwenye mimba.