Mafahali Wawili Zizi Moja: Mwongozo wa Kuweka Ruta ya Pili Nyumbani

Waifai ya sebuleni haifiki chumba cha uani, na mtoto anayejisomea huko anahangaika na simu juu ya kiti. Jirani anahama, anakuachia ruta yake. Unaichomeka kwa furaha. Baada ya muda simu zinaonyesha zimeunganishwa, lakini ujumbe hauendi wala haurudi.

Usimlaumu jirani. Umefungia mafahali wawili zizi moja.

Ruta nyingi hutoka kiwandani na anwani zilezile: 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Tena kila moja hujiona mwenye nyumba: kifaa kikipiga hodi, inakikabidhi namba yake. Kazi hiyo ndiyo DHCP. Wenye nyumba wawili wakigawa funguo za vyumba vilevile, wapangaji watagombana usiku kucha. Kwa hiyo mmoja abaki mwenye nyumba, mwingine awe bawabu.

1. Mtambue mwenye nyumba. Ni ruta iliyoshika waya wa intaneti. Tuseme anwani yake ni 192.168.1.1. Ingia kwenye mipangilio yake uone inagawa namba zipi. Ikiwa inagawa kuanzia 100 hadi 200, basi 192.168.1.2 iko huru.

2. Msafishe bawabu. Itenge ruta ya pili na ya kwanza, kebo isiziunganishe. Ingiza pini kwenye kitundu cha reset, bonyeza kama sekunde 10, taa ziwake upya. Iunganishe na kompyuta kwa kebo, kisha andika kwenye kivinjari anwani iliyo kwenye stika chini yake.

3. Ipe waifai yake jina na nenosiri. Tumia yaleyale ya sebuleni ili simu ihame yenyewe unapotembea, na uchague ulinzi wa WPA2 au WPA3. Ruta iliyosafishwa imesahau kila kitu, huenda hata kufunga mlango.

4. Mhamishe. Kwenye sehemu ya LAN, andika 192.168.1.2. Subnet mask iache 255.255.255.0: namba tatu za mwanzo ni mtaa, ya mwisho ni nyumba, na mtaa huo una nafasi za vifaa 254. Hifadhi. Ukurasa ukikatika usishtuke. Ruta imehama nawe bado unabisha kwenye nyumba ya zamani. Chomoa kebo, irudishe, andika 192.168.1.2.

5. Mnyang'anye funguo. Zima DHCP, hifadhi. Katika mipangilio, hatua hii ifanye mwisho, kwani ukishaizima, kompyuta yako nayo haitapewa namba na ruta hii.

6. Waunganishe. Ingiza ncha moja ya kebo kwenye tundu la LAN la ruta ya kwanza, na ncha nyingine kwenye tundu la LAN la ya pili. Lile la WAN, ambalo mara nyingi lina rangi yake ya kuvutia, liache wazi.

Sasa nenda chumba cha uani, zima waifai ya simu na uiwashe tena. Ukiona anwani inayoanza na 192.168.1, zizi limetulia.

Bado jambo moja. Andika 192.168.1.2 kwenye kipande cha plasta, ubandike chini ya ruta. Ikija siku ya kubadilisha nenosiri, huenda wewe uko safarini, na mtoto yule wa chumba cha uani ndiye atakayehitaji kujua abishe mlango gani.