Jinsi ya Kuwafungua Watu Midomo Kwenye Mkutano wa Simu

Anza na saa. Likasi, kule Katanga, iko saa moja mbele ya Kinshasa. Ukiitisha mkutano wa saa tatu asubuhi kutoka Kinshasa bila kusema ni saa tatu ya wapi, watu wa Likasi wataingia hewani mapema, watangoja saa nzima, wataishiwa mega za intaneti, watatoka. Kisha wewe utaandika kwenye ripoti kwamba Likasi hawakushiriki. Andika zote mbili: saa tatu Kinshasa, saa nne Likasi.

Sasa, hotuba. Ukisema nusu saa bila kupumua, huko Likasi mama wa mtaa wa Kikula ameshasonga bukari, yaani ugali, baba wa Panda ameiacha simu mezani akampokea mgeni, na wa Shituru umeme umemkatikia. Hapo ndipo unapouliza, "Kuna swali?" Kimya. "Basi, tumekubaliana." Hapana, hamjakubaliana! Mkikutana chini ya mwembe, unamwona aliyekunja uso na anayechora mchanga kwa kidole. Kwenye simu huoni kitu, na kimya cha mtu usiyemwona usikihesabu kuwa kura.

Swali la wote halina mwenyewe, kwa hiyo mtaje mtu. "Mama mweka hazina, mchango wa mwezi huu ulitosha?" Atajibu, maana hakuna mwingine wa kujibu. Waanze wadogo na walio mbali. Mkubwa aseme mwisho. Akishatoa neno lake, nani atampinga mbele ya watu? Hili peke yake lingeokoa mikutano mingi, na wakubwa ndio wagumu zaidi kulikubali.

Lugha nayo. Ajenda inaandikwa kwa Kifaransa, na ukiuliza kwa Kifaransa utapewa "oui, oui" mpaka uchoke. Uliza kwa Kiswahili: "Benye Likasi, muko?" Utasikia "Tuko!" kutoka pande zote, na yule wa "oui" atakueleza kwa dakika kumi kwa nini mpango wako hautafaa. Akisema "balisema" badala ya "walisema", mwache. Umemwita atoe wazo, hukumwita kwenye mtihani wa sarufi.

Waliozoea foni, zile redio za misheni, walikuwa na adabu yake: ukimaliza, useme "à vous", yaani zamu yako, uachie kitufe. Mashine haikuruhusu wawili kusema pamoja. Irudisheni adabu hiyo. Anayemaliza amtaje anayefuata, na maneno yatazunguka yenyewe bila mwenyekiti kuyasukuma.

Ukishamtaja mtu, nyamaza. Sauti inachelewa njiani, naye anatafuta kitufe cha kufungua kipaza sauti huku mtoto akimvuta kitenge. Usirukie mwingine ukidhani hana neno. Hesabu mpaka kumi, polepole. Mngojee.