Namna ya Kuua Shamba na Zizi Huku Ukiitwa Mkulima Mkubwa

Papa, una shamba la muhogo karibu na reli ya Kaniama, kuku kadhaa, nguruwe wawili, na unataka jina. Mavuno yana kazi nyingi. Jina tutalipata mapema.

1. Mbegu. Mwaka 1954 mtafiti Mullenders alichapisha, kupitia INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kongo ya Ubelgiji, kitabu kizima kuhusu uoto wa Kaniama. Wewe huna haja ya vitabu, una shemeji. Muhogo wake umekunja majani, yana mabaka ya njano, na ndiyo maana anakupa mashina bure: yale mazuri anayahitaji mwenyewe. Chukua membamba, hayalemei baiskeli. Mabaka hayo ni dalili ya ugonjwa wa mozaiki, batobato, unaojulikana tangu 1894. Husambazwa na nzi weupe, lakini usiwaogope, umewashinda: nzi hawezi kubeba mzigo wa mashina mbali kama baiskeli yako.

Mama watoto akilalamika kwamba sombe, yaani majani ya muhogo, ya mwaka huu imekunjamana na haijazi hata sahani, mwambie ni aina mpya kutoka Lubumbashi. Mmea mgonjwa usiung'oe, kung'oa ni kukiri. Wagawie majirani mashina. Msimu ujao shamba lako litafanana na mengine yote, na nani atakucheka?

2. Picha. Muhogo wako ukibahatika kupata ugonjwa wa michirizi ya kahawia, shukuru. Mtafiti Storey aliueleza ugonjwa huu Tanganyika mwaka 1936, na una adabu: mara nyingi shina husimama vizuri huku kiazi kikioza ndani, kikavu, hakifai hata kwa bukari, yaani ugali. Basi piga picha kabla ya kuchimba. Tuma kwa jamaa wote wa mjini. Kisha usichimbe mbele ya watu.

3. Kuku. Chanjo ya mdondo ni tone moja jichoni, kila baada ya miezi minne hivi, kabla kuku hajaugua. Mtu wa hadhi yako hawezi kukimbizana na majogoo alfajiri. Subiri shingo zipinde na kinyesi kiwe kijani, halafu fungua kapsuli ya tetrasaikilini kwenye maji yao. Mdondo ni kirusi, dawa hiyo haitakigusa, ila wageni wataona maji yamebadilika rangi na kujua unapambana.

4. Nguruwe. Hapa ndipo ujanja unapolipa. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa na mtafiti Montgomery huko Kenya mwaka 1921, haina tiba. Basi nguruwe akikataa chakula jioni, usimwite veterineri, atasema umfukie. Mchinje usiku, kabla masikio hayajawa mekundu, na asubuhi uuze kwa bei ya huruma. Dhamiri isikusumbue: ugonjwa huu hauambukizi binadamu. Mifupa na utumbo wapelekee nguruwe wa jirani, bila kuchemsha, kuni ni ghali. Wakifa na wa kwake pia, mtalia pamoja, na hakuna urafiki unaozidi huo.

5. Kuanza upya. Wataalamu hutaka banda lisafishwe kwa dawa na likae tupu siku 40 kabla ya kuingiza wanyama. Siku 40! Watu watasema umefilisika. Nunua wawili wapya Jumatatu hii, uwaweke pale pale, na mwambie muuzaji akutengee wengine wawili.