Moto, Yaya, Moto!

Mchezo wa video wa Skate 3, wa kuteleza kwa ubao wa magurudumu, uliotoka mwaka 2010, humruhusu mchezaji kurudia mruko wake na kuiweka kamera apendapo: chini kwenye magurudumu, pembeni, au imfuate mtelezaji mgongoni. Uhuru huo ndio unaowaponza vijana wetu.

Tuseme dogo mmoja wa Kiambi, pale ukingoni mwa mto Luvua, kamaliza video yake ya mchezo huo. "Yaya, nipe maoni juu ya kamera." Yaya, yaani ndugu yake mkubwa, anajibu: "Moto!" Kamera imehama mara nne katika mruko mmoja, miguu imekatwa, pa kutua hapaonekani. Moto!

Anakuja mtoa maoni wa pili, mwenye elimu. Anaagiza lenzi ya jicho la samaki, maana wapiga video mashuhuri wa watelezaji wa Marekani waliipachika kwenye Sony VX1000, kamera ya mwaka 1995. Hasemi kwamba wapiga video hao waliteleza sambamba na watelezaji, kamera mkononi, magoti rehani. Yeye goti lake liko chini ya meza, salama kabisa.

Heri msukuma chukudu wa Goma, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo. Akikosea kona, gunia la makaa linampa maoni papo hapo.