Namna ya Kuiua Injini Msimu wa Korosho

Kuiua injini hapa Nyangamara hakuhitaji ajali wala mwendo wa kasi. Inatosha kumwaga oili kwa haraka na kufunga filta ya bei ya chini kuliko zote dukani, halafu msimu wa korosho uingie. Mambo hayo yakikutana, Probox iliyotoka bandarini ikiwa nzima inanoki kabla magunia hayajaisha ghalani. Nazitaja njia za mauaji haya kama zinavyofanyika, kwa sababu inauma kumwona mtu aliyepalilia mikorosho mwaka mzima akipeleka malipo ya mnada yote kwa muuza injini za mtumba.

Njia inayopendwa na wengi ni kubadilisha oili na kuiacha filta ya zamani. Gari liko juu ya mawe, oili chafu inachuruzika kwenye beseni, na fundi anasema: "Bosi, hii filta bado nzima. Tutabadilisha sevisi ijayo." Bosi anakubali, maana amebakiza elfu kadhaa mfukoni. Sasa chukua injini ya 1NZ-FE, ile iliyomo kwenye Probox, IST na Raum nyingi. Ukibadilisha oili pamoja na filta inameza lita 3.7. Ukiiacha filta inameza lita 3.4. Hizo lita 0.3 za tofauti ni oili chafu iliyobaki ndani ya filta, na inachanganyika na oili yako mpya mara tu unapowasha.

Hilo bado si baya sana. Ndani ya filta kuna karatasi iliyokunjwa-kunjwa, na kuna vali ndogo yenye springi. Karatasi ikiziba, vali hiyo inafunguka ili oili iendelee kufika kwenye injini bila kuchujwa, kwa kuwa oili chafu ni afadhali kuliko kukosa oili kabisa. Ndiyo maana filta iliyoziba haikusimamishi njiani. Gari linakwenda, taa haiwaki, na dereva anajisifu kwamba Toyota ni Toyota. Wakati huo mchanga unapita moja kwa moja kwenye beringi za krenki, ambako nafasi kati ya chuma na chuma ni sehemu ndogo tu ya milimita moja.

Nao mchanga ndio mwenyeji wetu. Kuanzia Juni hadi mvua zinapoanza, barabara zetu za udongo zinatimka vumbi, na kuanzia Oktoba korosho zinaanza kwenda kwenye minada. Yaani gari linabeba mzigo mkubwa kuliko wakati wowote, katika miezi ambayo vumbi limekaa angani tangu asubuhi hadi jioni. Vumbi hilo limejaa silika, na silika inakwangua chuma. Likipita kwenye filta ya hewa iliyotoboka au isiyokaa sawasawa kwenye boksi lake, linaingia kwenye silinda, linashuka kwenye oili, na kinga iliyobaki ni filta ya oili peke yake. Kampuni zinazotengeneza magari zinaiita hali hii matumizi magumu, na zinataka oili ibadilishwe mapema, mara nyingi katika nusu ya kilomita za kawaida. Kile kibandiko cha kilomita 5,000 anachobandika fundi mlangoni ni kikomo cha gari linalotembea kwenye lami. Kwa gari la Nyangamara linaloshinda kwenye vumbi, mimi nasema 3,000 mpaka 4,000, na sioni sababu ya kubishana kwa ajili ya kilomita elfu moja.

Wapo wanaoiosha filta kwa petroli na kuirudisha. Ile karatasi haikutengenezwa ioshwe. Uchafu ulionasa katikati ya nyuzi hautoki, gundi inayoshika mikunjo inalegea, na petroli iliyobaki inaipunguza oili mpya nguvu. Usikubali hata ukiambiwa ni bure.

Njia nyingine ni ya raba mbili, nayo inaua kwa dakika chache tu. Filta ya zamani ikifunguliwa, mara nyingine raba yake haitoki nayo. Inabaki imeng'ang'ania kwenye uso wa injini, nyeusi juu ya weusi, huwezi kuiona usipoitafuta. Fundi mwenye haraka anafunga filta mpya juu yake. Raba mbili zikipandana hazikai. Ukiwasha unaona kila kitu kimetulia, lakini presha ikipanda barabarani ile ya juu inachomoka, na oili yote inamwagika kabla hujafika Mtama. Kinga yake ni rahisi: igeuze filta iliyotoka, uhakikishe raba yake imo. Kama haimo, iko kwenye injini. Kisha uso ule upanguswe kwa kitambaa safi, raba mpya ipakwe oili safi kwa ncha ya kidole, na filta ifungwe kwa mkono mpaka raba iguse, halafu iongezwe robo tatu ya mzunguko au kama ilivyoandikwa ubavuni mwake. Spana ya filta ni ya kufungulia. Anayeitumia kufungia anamtengenezea kazi ngumu fundi wa sevisi ijayo.

Bolti ya sampu nayo ina maafa yake. Sampu nyingi siku hizi ni za alumini, na bolti ni ya chuma. Fundi anayening'inia kwenye spana kwa uzito wake wote anakula nyuzi za sampu, halafu anaziba kwa silikoni na kukuhakikishia kuwa itakaa. Weka washa mpya kila mara, ni shilingi chache, na mwambie akaze kwa kiasi.

Kuhusu oili yenyewe, kosa kubwa ni imani kwamba gari lililochoka linaponea kwa oili nzito. Injini yenye VVT-i inategemea oili ipite haraka kwenye matundu membamba na kichujio kidogo cha vali yake. Ukiiwekea oili nzito kama uji, kila unapowasha asubuhi sehemu za juu zinasuguana kavu kwa muda zaidi. Kitabu cha gari mara nyingi ni cha Kijapani, lakini 5W-30 inaandikwa vilevile kwa kila lugha. Itafute humo au kwenye mfuniko wa kujazia oili. Kwenye dumu tafuta pia herufi za API, taasisi ya petroli ya Marekani. Kwa petroli ni S ikifuatiwa na herufi nyingine, na kadiri herufi ya pili inavyosonga mbele ndivyo oili ilivyo ya kisasa: SL ilikuja 2001, SN 2010, SP 2020. Dumu la bei ya kutupa lenye SA au SB, liache. API yenyewe inasema SA haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya mwaka 1930. Na oili ya kupima, ile inayochotwa kwenye pipa na kumiminwa kwenye chupa ya maji, haina herufi yoyote, kwa hiyo hujui unachoinunua.

Usijaze kupita alama ya juu ya kijiti. Krenki ikiigonga oili inaichapa mpaka itoe povu, na povu halilindi beringi. Pima gari likiwa mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa kwa dakika chache. Rangi isikudanganye: oili ya dizeli inakuwa nyeusi muda mfupi baada ya kubadilishwa kwa sababu inabeba masizi, na hiyo ndiyo kazi yake.

Sasa filta ya kununua. Mwaka 1923 Wamarekani Ernest Sweetland na George Greenhalgh walibuni filta ya oili ya gari waliyoiita Purolator, na tangu hapo kazi haijabadilika: kushika uchafu bila kuzuia mtiririko. Nenda dukani na namba ya filta ya gari lako, maana mbili zinaweza kufanana umbo na kutofautiana nyuzi au presha ya vali. Ishike mkononi. Raba ya nje iwe laini na imekaa kwenye mfereji wake pande zote. Chungulia kwenye matundu madogo yanayozunguka tundu la katikati, utaona raba ya ndani inayoyafunika. Ibonyeze kwa njiti ya kiberiti. Inatakiwa ibonyee na kurudi. Hiyo ndiyo inayozuia oili isirudi kwenye sampu gari likilala. Ikiwa ngumu kama plastiki, kila asubuhi utasikia injini ikigonga kidogo kabla ya kutulia, na kila mgongano huo ni chuma kinasaga chuma. Nyuzi za katikati ziwe safi, zisizo na vipande vya chuma. Boksi lenye maandishi yaliyokosewa, wino unaotoka kidoleni au namba isiyolingana na ile ya kwenye kopo, lirudishe kaunta.

Dai risiti. Bidhaa bandia zina wenyewe wa kuzishughulikia: Tume ya Ushindani, FCC, kwa kutumia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na TBS kwa upande wa viwango. Bila risiti huwezi kuthibitisha umenunua wapi.

Filta ya zamani ikitoka, mwombe fundi aikate kwa kikatio cha filta, si kwa msumeno unaoacha chenga zake za chuma ndani. Kunjua ile karatasi juani. Ukiona imebonyea au imechanika, duka lile usirudi tena. Ukiona vimemeta vya chuma, beringi zimeanza kwenda, na ni heri ujue leo ukiwa nyumbani kuliko kujua ukiwa na tani ya korosho nyuma. Na ile taa nyekundu ya oili ikiwaka njiani, maana yake presha imeshuka: zima injini pale pale, hata kama abiria wanalalamika, hata kama umebakiza kilomita mbili.

Oili chafu isimwagwe nyuma ya nyumba wala karibu na kisima. Wenye mbao na nguzo wanaitafuta wapake dhidi ya mchwa. Wape, na wanawe kwa sabuni.

Kwa hiyo, ndugu zangu wenye Noah, Probox na Canter, kabla ya mnada wa kwanza wa Oktoba nunueni filta mbili za namba sahihi. Moja ifungwe mkiwa mmesimama hapo hapo mnaangalia, nyingine ikae chini ya kiti ikisubiri Desemba.