Jinsi ya Kuwa Gavana wa Illinois na Kuzeekea Nyumbani Kwako

Masharti ya kazi ni mepesi mno. Katiba ya jimbo la Illinois inataka gavana awe raia wa Marekani, awe ametimiza miaka 25, na awe ameishi jimboni miaka 3 kabla ya uchaguzi. Kipindi ni miaka 4 na hakuna ukomo. Ukipendwa utakaa mpaka wakuchoke. Shughuli iko kwenye kustaafu. Kati ya watu 11 walioshika ugavana tangu mwaka 1961, wanne walifungwa: Otto Kerner, Dan Walker, George Ryan na Rod Blagojevich. Watatu ni wa Democratic na mmoja wa Republican, kwa hiyo usihangaike kutafuta chama chenye kinga.

Anza kwa kulijua jimbo. Ofisi yako haitakuwa Chicago. Itakuwa Springfield, mji wa wastani uliozungukwa na mashamba ya mahindi na soya, mwendo wa kilomita 300 na ushei. Kura nazo zimerundikana upande mwingine: jimbo lina kaunti 102 na watu wapatao milioni 12.8, na zaidi ya milioni 5 wako Kaunti ya Cook, ilimo Chicago. Usiahidi barabara za milimani. Kilele cha juu kabisa, Charles Mound, kiko mita 376 kutoka usawa wa bahari, na jengo la Willis Tower pale Chicago lina mita 442 kuanzia kwenye lami.

Mito ndiyo yenye mafunzo. Kaskaskia, makao makuu ya kwanza ya jimbo mwaka 1818, ulikuwa mashariki mwa Mississippi. Mwaka 1881 mto ukahama njia, na leo anayetaka kwenda huko kwa gari sharti apitie jimbo la jirani la Missouri. Watu wa Chicago hawakusubiri mto uamue wenyewe. Maji yao machafu yalikuwa yakiishia Ziwa Michigan, ambako ndiko walikokuwa wakichota ya kunywa, basi mwaka 1900 wakaugeuza Mto Chicago ukatiririka kinyumenyume, kuelekea Mississippi na watu wa St. Louis, jimboni Missouri. Missouri ikaenda Mahakama Kuu ya Marekani, ikashindwa mwaka 1906. Mgombea makini ataisoma kesi hiyo mara mbili.

Kuhusu asili yako, usiwe na wasiwasi. Lincoln, ambaye jina lake limo kwenye namba za magari za jimbo zima, alizaliwa Kentucky. Obama, aliyekaa karibu miaka 8 katika Seneti ya Springfield, alizaliwa Honolulu. Rais pekee aliyezaliwa Illinois ni Reagan, naye siasa alikwenda kuzifanyia California. Hata wale simba wawili wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898 ni watu wa Chicago sasa. Jumba la makumbusho la Field liliwanunua mwaka 1924, wakiwa ngozi za kutandika sakafuni, kwa dola 5,000. Sharti la ukaazi walikwishalitimiza zamani. Kilichowakwamisha ni uraia.

Sasa fedha. Kerner alipewa hisa za viwanja vya mbio za farasi kwa bei ya kutupwa, na mama aliyempa akaziingiza kwenye hesabu zake za kodi kama gharama ya kawaida ya biashara. Kwake ilikuwa hivyo kweli. Chagua, basi, mtoa rushwa asiyependa kuandika. Paul Powell hakuwa gavana bali waziri wa jimbo anayesimamia leseni, na mshahara wake haukuwahi kupita dola 30,000 kwa mwaka. Alipofariki mwaka 1970 zilikutwa takriban dola 800,000 taslimu, nyingine kwenye boksi la viatu katika chumba chake cha hoteli. Hakulala mahabusu hata siku moja. Ni njia nzuri, ila inakutaka ufe kwanza.

Ryan naye alipitia ofisi hiyohiyo. Chini yake leseni za malori ziliuzwa kwa rushwa, na mwaka 1994 ajali iliyomhusisha dereva aliyepata leseni kwa njia hiyo iliua watoto sita wa familia moja. Hapo sina mzaha. Mtu huyohuyo, akiwa gavana, mwaka 2003 aliwaondolea adhabu ya kifo wafungwa 167. Mwaka 2006 akatiwa hatiani. Illinois haikupi mtu wa kumchukia moja kwa moja.

Blagojevich ni somo la simu. Obama aliposhinda urais mwaka 2008, kiti chake katika Seneti ya Marekani kilibaki wazi na sheria ikampa gavana kazi ya kuteua mrithi. Gavana akaanza kukitafutia mnunuzi kwenye simu iliyokuwa ikisikilizwa na FBI. Seneti ya jimbo ilimng'oa kwa kura 59 kwa 0, na mahakama ikampa miaka 14. Mwaka 2020 Trump akampunguzia kifungo, kisha mwaka 2025 akamsamehe kabisa. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua wakili, chagua rafiki.

Na kwa nini wanakamatwa? Kwa sababu mwendesha mashtaka anayewashughulikia si wa jimbo. Ni wa serikali kuu, huteuliwa na Rais, na gavana hana uwezo wa kumhamishia wilaya ya mbali wala kumtuliza kwa ubalozi. Wasomaji wa Dar es Salaam na Nairobi wataona mara moja ubovu wa mpango huu.

Njia salama kuliko zote ameionyesha J. B. Pritzker, aliyeapishwa mwaka 2019: ni mrithi wa familia ya hoteli za Hyatt, bilionea, na mshahara wa ugavana hauchukui. Uwe tajiri kwanza, halafu ndiyo uingie. Kama huna mabilioni, usikimbilie udiwani wa Chicago ukidhani kuna nafuu: tangu miaka ya 1970 madiwani wa jiji hilo waliotiwa hatiani wamepita 30.