Ndege ni Basi la Usiku Lisilosimama Nakuru

Minneapolis, Januari

Wifi yangu mpendwa, pamoja na nyote mtakaosomewa barua hii hapo Manyatta, Kisumu,

Huku hatujambo, ila baridi imeshuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, na mume wako jana alivaa suruali tatu kwenda kununua maziwa. Habari za viza zenu tulizipokea kwa vigelegele. Hata havijaisha, simu yangu ikajaa ushauri. Mama anataka watoto wakeshe usiku wa kuamkia safari ili walale wakifika angani. Baba Mdogo anasema wapewe dawa ya kikohozi. Na yule jirani ambaye safari yake ya ndege iliishia kumsindikiza mtu hadi langoni mwa uwanja ndiye mwenye maoni marefu kuliko wote.

Waitikie wote, kisha usifanye hata moja. Mtoto aliyekesha halali. Hulia mpaka Amsterdam. Dawa ya kikohozi nayo ibaki kabatini. Si ya kulazia watoto, na wako ambao wakiinywa huchangamka wakataka kwenda kumsaidia rubani.

Wewe kazi hii unaijua. Si umewapeleka mapacha wako Opiyo na Odongo Nairobi kwa basi la usiku, huku Akelo yumo tumboni? Basi hilo huchukua saa saba au nane. Nairobi hadi Amsterdam ni saa nane na kitu, na Amsterdam hadi huku ni karibu tisa. Basi hesabu mabasi mawili ya usiku, moja nyuma ya jingine, na choo kimo ndani.

Tofauti ni vituo tu. Ukitoka Kisumu, hujamaliza kuwafunika watoto mmefika Ahero. Mara Awasi, mara Kericho, na kila gari likipunguza mwendo mkono unaingia dirishani na mahindi, njugu au ndizi. Mtoto halii kwa sababu daima kuna kitu kinakuja. Ndege inavuka Sahara nzima pasipo mtu hata mmoja wa kukuuzia njugu.

Zamani haikuwa hivyo. Mwambie Baba awasimulie ndege za maji za Imperial Airways. Kuanzia 1937 zilitoka Southampton hadi Durban zikitua mitoni, maziwani na baharini: Alexandria, Khartoum, Port Bell, kisha hapo hapo ziwani Kisumu, halafu Mombasa. Safari ilikuwa ya siku kadhaa, na usiku abiria walishushwa wakalale hotelini. Hiyo ndiyo ndege ya mama mwenye watoto watatu. Wameiondoa.

Kwa hiyo mchuuzi utakuwa wewe. Nenda soko la Kibuye Jumapili ununue vitu vidogo vidogo, uvifunge kimoja kimoja kwenye gazeti, uvitie katika begi ambalo mapacha hawajaliona. Kila baada ya saa moja tangaza kituo. Ahero: kalamu za rangi na kitabu. Awasi: kigari cha plastiki. Kericho: chai inapopita na mkokoteni wake. Londiani: matembezi hadi mwisho wa ndege na kurudi, na wahesabu watu waliolala midomo wazi. Nakuru: kila mtu analala, hata ambaye hana usingizi. Usitoe viwili kwa pamoja hata wakikulilia. Ukimwaga begi lote kabla hamjafika Kericho, utabaki kuwauzia mkanda wa kiti.

Usisahau selotepu ya karatasi, ile inayobanduka. Binti yangu nilimpa roli moja akabandika meza, akabandika kiti, akahamia kwenye mkono wa koti la mzee mmoja Mholanzi aliyekuwa akisoma gazeti. Nikajiandaa kuomba radhi. Mzee akautazama ule mkono, akakunja gazeti, akamletea na wa pili ili ilingane. Nikapata usingizi wa vituo viwili.

Kuhusu dirisha: Opiyo alitangulia kuzaliwa kwa dakika chache, na tangu hapo anaamini kila cha kwanza ni urithi wake. Mpe dirisha mpaka Amsterdam, kisha Odongo mpaka Minneapolis. Waambie ni amri ya rubani. Rubani hatoki kule mbele, kwa hiyo hakuna rufaa.

Akelo, kwa kuwa hajafika miaka miwili, atapakatwa, na nauli yake huwa kama asilimia 10 ya nauli yako. Mapema kabisa ombeni kile kitanda kidogo kinachotundikwa ukutani mbele ya viti vya kwanza. Ni vichache na hugombewa. Vinywaji vya zaidi ya mililita 100 huzuiwa kwenye ukaguzi, lakini maziwa na chakula cha mtoto mchanga huruhusiwa kwa kiasi cha safari. Uji wa wimbi beba, ila wiki hiyo usiuchachushe sana. Wa kwangu askari alifungua chupa, akanusa, akamwita mwenzake naye aje anuse. Tuliruhusiwa, lakini foleni yote ilijua tumekula nini.

Masikio ndiyo shida ya kweli. Ndege ikianza kushuka, yapata nusu saa kabla ya kutua, shinikizo la hewa hubadilika na masikio huuma. Usingoje magurudumu. Mnyonyeshe Akelo wakati huo, na wale wawili wape peremende za kijiti. Kumeza ndiko kunakozibua. Jaribuni kwanza kwenye ndege ya Kisumu hadi Nairobi, ni chini ya saa moja, mkikosea hamjaenda mbali.

La mwisho ni la siri. Jimbo hili limeandika maziwa 10,000 kwenye namba za magari yake, na wakati wa baridi yanaganda, watu wanaendesha magari juu ya maji, wanatoboa tundu na kukaa kitini kuvua samaki. Watoto msiwaambie hata kidogo. Opiyo akijua, kila kituo kuanzia Ahero atauliza kama tumefika kwenye ziwa la kuendeshea gari, na hakuna selotepu itakayomnyamazisha. Baba pia msimkumbushe. Nilipomweleza kwa simu, yeye aliyevua Dunga maisha yake yote, alinyamaza kidogo, akaniuliza kama huku kuna hospitali nzuri.

Omena zifunge mara tatu, na forodhani taja kila ulichobeba. Tutakuja kuwapokea na makoti manne. La mume wako mmwache nalo, halivui.

Wifi yako akupendaye.